Sauti Nyuma Yangu Majini Karungu

Siku moja imekataa kunitoka, mwanangu, ingawa nimejaribu kuisahau. Ilikuwa Jumamosi huko Karungu, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, kifua mbele, masikio ya pambo tu. Nimesikia umejiandikisha kwa mashindano ya Homa Bay mwezi ujao, yale ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, na kwamba umenunua saa inayohesabu mapigo ya moyo. Vizuri. Lakini keti kwanza, maana saa hiyo haitakwambia haya.

Enzi zetu mashindano yalikuwa hayo hayo matatu, ya masafa mafupi. Unaogelea kuzunguka mitungi ya plastiki iliyofungiwa mawe ili isisombwe na maji, unatoka umelowa chepechepe, unarukia baiskeli kwenye barabara ya vumbi, unarudi, kisha unamalizia kwa mbio za kilomita tano. Mshindi angepelekwa Homa Bay mwaka uliofuata kushindana na vijana wa kando zote za ziwa. Nilikitaka kitu hicho hadi nikawa sili vizuri, ila asubuhi ya mashindano, ambapo nilikula kupita kiasi. Nitafika huko.

Nilikuwa na rafiki, Odero, wa boma la jirani. Mama yake alinilisha kama mwanawe. Tulichunga ng'ombe pamoja, na wanyama wakinywa maji sisi tulishindana kuogelea. Hapo nilikuwa na ujanja wangu. Nikiona Odero amenitangulia, napiga kelele, "Konya!" yaani nisaidie, huku nikitapatapa kama mtu anayezama. Odero anageuka. Akinifikia tu, nampita nikicheka. Alijua namdanganya, na bado aligeuka kila mara. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Omera, ndugu yangu, siku moja inaweza kuwa kweli," akasema.

Nikamwona mjinga. Ujana, mwanangu, una macho lakini hauoni mbali.

Basi siku ya mashindano tuliingia majini vijana kama ishirini. Mimi nilikuwa mbele, Odero nyuma yangu kidogo, wengine wameachwa. Tulipopita mtungi wa mwisho nikasikia sauti yake: "Ochola! Konya!" Moyo ukaniambia geuka. Kichwa kikaniambia, huyo leo amekulipa kwa ujanja wako mwenyewe. Nilimpima kwa pishi yangu, mimi niliyekuwa mwongo, nikasahau kwamba yeye hakuwahi kunidanganya hata mara moja. Akaita tena, na jina langu likakatikia majini. Sikugeuka. Niliongeza mikono.

Misuli ya mguu ilikuwa imemkaza. Wavuvi wawili waliowekwa kwenye mtumbwi kulinda waogeleaji walimvuta akiwa amekunywa maji mengi, wakamlaza kifudifudi mchangani, akawa anatapika. Mimi nilikuwa hapo hapo nafunga kamba za viatu. Nilimwona, mwanangu. Sitaki kukudanganya kwamba sikujua. Nilimwona, nikachukua baiskeli, nikaenda.

Barabara nayo ilinifunza adabu. Nilikuwa nimejaza tumbo ugali na samaki wa mbuta asubuhi nikidhani ndiyo nguvu. Nilikanyaga pedali kama ninayefukuzwa, sikunywa maji, kaptura iliyolowa ikanichuna mapaja hadi nikawa nakaa upande. Wakati wa kukimbia ulipofika miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Kijana mmoja mpole, ambaye nilimcheka kwa kuendesha polepole, alinipita karibu na mwisho bila hata kuhema. Haraka haraka haina baraka. Nikamaliza wa pili.

Jaduong' Obiero, mzee aliyeheshimiwa na wavuvi wote wa ufuo ule, alikuja nilipoketi. Hakunipa mkono.

"Wewe Ochola, mvuvi akisikia mtu anaita, anaacha hata nyavu ziende na maji," alisema. "Wewe ulishindwa kuacha nini?"

Nikajitetea. "Jaduong', lakini si wamemtoa?"

"Wamemtoa wao. Yeye aliita wewe. Nenda kwake leo. Ukingoja kesho, hiyo njia itakuwa mrefu."

Sikwenda. Niliona haya, na haya isiyotibiwa hugeuka kiburi. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwaka. Yule mshindi alipata kazi mbali, nami nikapelekwa Homa Bay badala yake. Huko nilikula uji tu, nilianza taratibu, nilikunywa maji kabla ya kiu, nikashinda. Watu walinibeba juujuu. Nikatafuta uso wa Odero katika umati ule wote, na furaha ikaniisha hapo hapo.

Yeye alihamia kisiwa cha Takawiri, akaoa huko. Tukikutana sokoni Rodi Kopany tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua, tukaachana. Wanasema kosa moja haliachi mke, nami nikajiliwaza hivyo kwa miaka zaidi ya thelathini. Mwaka jana ndipo nilipanda boti nikamfuata. Alinikaribisha vizuri, mkewe akapika chai. Nikayasema yote, mimi mtu mzima mwenye wajukuu.

"Ochola, mimi nilikusamehe siku ile ile, bado niko kwa mchanga," akasema. "Hiyo usibebe." Akanimiminia chai. "Lakini sikukuita tena."

Ndipo nikaelewa. Upepo ulipong'oa paa la nyumba yake, aliwaita wengine. Mama yake alipofariki, yule mama aliyenilisha, hakuna aliyetumwa kwangu. Kwetu rafiki huitwa msibani kabla ya majirani, mwanangu. Mimi nilisikia tangazo redioni kama mtu baki, nikadhani wamenisahau tu. Nililia nikirudi botini na sikujificha.

Kwa hiyo shika haya. Kula chepesi, anza polepole, usimdharau aliye nyuma. Hayo ukiyakosea, mwaka ujao utayarekebisha. Kuteleza si kuanguka. Lakini ukisikia mtu anakuita, geuka, hata ukidhani ni ujanja. Afadhali uchekwe na ushindwe. Na ukimkosea mtu, mwendee siku hiyo hiyo, kabla nguo hazijakauka, maana msamaha unaweza kuja peke yake na imani isirudi.

Nenda, mwanangu. Nyasaye, Mungu wetu, akuvushe maji salama, akulinde barabarani, akupe pumzi hadi mwisho. Na ukizeeka kama mimi, akujalie watu ambao wakipatwa na shida, jina la kwanza kuita ni lako.