Waya Ndani ya Ganda la Risasi

Shemeji yangu, mume wa dada, hupakia risasi zake mwenyewe kwenye gereji ya nyumba yetu, mtaa wa Quakers Hill, huku ugenini. Ana leseni. Jumamosi nyingine huendesha gari mpaka ng'ambo ya milima, kwa mkulima anayemruhusu kuwinda mbuzi mwitu, na nyama wanagawana watu wa kanisa. Risasi ikishapigwa, ganda la shaba hubaki. Analiokota, analisafisha, analitia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kipya. Mimi sina leseni, baruti siigusi. Kazi yangu ilikuwa maganda matupu.

Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya jicho lake la kulia. Ganda lililochoka lilikatika ndani ya bunduki, moto ukarudi nyuma usoni kwake. Hakuwa amevaa miwani. Sasa jicho hilo linaona mwanga tu. Lililobaki ndilo analoendea kazini, kwenye bohari kule Ingleburn. Ndilo linalotulisha.

Ganda halisemi limepigwa mara ngapi. Mdomo ukipasuka unaona. Ubaya mkubwa zaidi uko chini, karibu na kitako, ambako shaba huvutika na kuwa nyembamba kila linapopigwa. Kwa nje pengine utaona mstari unaong'aa, pengine huoni kitu. Kwa hiyo nilikuwa nanyoosha kibanio cha karatasi kiwe waya, nakunja ncha yake, naiingiza mpaka chini, halafu naivuta juu polepole ikigusa ukuta wa ndani. Ikikwama kwenye kijifereji, ganda limekwisha. Nalibonyeza kwa koleo ili mtu asilirudie.

Ijumaa moja waya ulikwama. Nikachukua ganda lingine, ukakwama tena. Na lingine.

"Uchafu tu huo," shemeji alisema. "Wewe shemeji ungekuwa daktari, wagonjwa wote wangekuwa kaburini."

Nilicheka kidogo. Nikachukua msumeno, nikalipasua moja kwa urefu. Ndani palikuwa na mfereji mwembamba uliozunguka ganda lote. Shemeji alipitisha ukucha, ukazama.

Maganda hayo yalikuwa ya fungu moja na risasi alizokwisha kupakia kwa safari ya kesho yake.

"Zile nilizichagua vizuri," alisema, kabla sijauliza.

Dada alikuja mlangoni, mikono imejaa unga. "Za kesho ziko sawa?"

"Ziko sawa, mama," shemeji alimjibu.

Dada hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Kwetu humpingi shemeji yako mbele ya mke wake, tena ukiwa unalala kwake. Na mimi hata kanisani nikiulizwa jambo huinamisha kichwa.

"Hapana, dada," nilisema. "Zimechoka kama hizi. Zitakatika."

"Ahaa," shemeji akasema. "Nyumba imepata baba mwingine."

"Na jicho hilo likienda," dada akamwambia, "nani atakushika mkono akupeleke kazini? Huyu baba mpya?"

Shemeji hakwenda kuwinda. Alizifungua zote kwa nyundo yenye tundu la kubana risasi ili kichwa kichomoke, akipiga sakafu ya saruji mpaka ukuta wa chumba changu ukatetemeka.

Tangu hapo anakagua mwenyewe, mlango umefungwa. Hajaniita tena, wala sijui anatupa yapi na anabakiza yapi. Jumamosi akienda, dada hapiki mpaka gari lirudi. Hukaa jikoni, simu mkononi, na mimi nakaa naye.