Milango Iliyosema Ndiyo

Mbunge wetu alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya siasa. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili aliingia bunge la mkoa wa Ontario, akakaa vipindi viwili, kisha akachaguliwa kuingia bunge la taifa kule Ottawa. Nilimfanyia kampeni bure tangu siku ya kwanza, kwa sababu, akiwa bado mwalimu, yeye ndiye aliyehangaikia viza ya mama yangu. Nilimpenda yule mzee, sifichi.

Kazi yangu ilikuwa kugonga milango ya wenzetu wa Kiswahili katika maghorofa yetu hapa Toronto. Kila mlango ni karibu ndani, kaa, kunywa chai. Mtu amekuwekea maandazi mezani, atakuambiaje hapana na wewe bado unatafuna? "Tuko pamoja," wanasema, nami natia alama ya ndiyo. Kwa kuwa alikuwa akishinda kirahisi, hakuna aliyewahi kuikagua orodha yangu.

Miaka ya elfu mbili na kumi mambo yakawa magumu. Asubuhi ya siku ya kura aliishika ile orodha akaniuliza, "Hawa ni wa uhakika?"

"Wote," nikajibu, kifua mbele. Basi akawaondoa watu wake wa kampeni kwetu, akawapeleka upande wa pili wa jimbo, ng'ambo ya bonde, alikokuwa na hali mbaya.

Saa kumi na moja jioni nikapita kuwakumbusha watu. Mlango wa kwanza, mama mmoja wa kanisani kwetu.

"Aa, mwanangu, tulishapiga mchana. Tumempa yule dada mpya anayegombea naye."

"Lakini mama, si ulisema tuko pamoja?"

"Kwani tumegombana? Ingia unywe chai."

Mlango wa pili, vilevile. Wa tatu hawakuwa hata raia, na miaka yote walikuwa wakinipa ndiyo. Nilipandwa na hasira, nyingi zikinielekea mwenyewe. Nimelelewa katika adabu hizohizo, nilijua kwamba "tuko pamoja" si ahadi ya kura.

Nikiwa kwenye ngazi simu ikalia. Alikuwa yeye, sauti imechoka. "Vipi huko? Niwarudishe watu?" Vituo vilikuwa bado wazi kwa saa nne nzima.

Nikaona haya kumvunja moyo. "Hapana," nikamwambia. "Huku shwari."

Alishindwa kwa kura chache sana. Kwenye hafla ya kumuaga alinishukuru mimi wa kwanza, mbele ya watu wote, nami nikasimama nikapunga mkono.