Chumvi Kwenye Bitana ya Rubani

Tekla Barsuk alikuwa hamwamini hata jogoo wake. Jogoo akiwika, Tekla anatoka kwanza kuchungulia kama kweli kumekucha. Ndivyo tulivyozoea kumtania kijijini kwetu Zaluzhe, naye alikuwa akitujibu, "Chekeni tu. Mimi niko hai."

Hakuzaliwa hivyo. Kabla ya vita alikuwa mjane mchangamfu, mwoka mikate ya harusi, na mlango wake haukujua komeo. Mwanawe wa pekee, Vasil, alichukuliwa jeshini wiki ile ile vita vilipoanza, na tangu siku hiyo Tekla hakupata barua wala salamu zake. Wajerumani walipoingia, nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu, kwa hiyo kila mkimbizi aligonga kwake kwanza. Masika ya 1942 alikuja kijana mmoja akasema ametoroka kambi ya mateka. Alilia mezani mpaka kamasi zikamtoka. Tekla akampa maziwa, kisha akamwelekeza kwa dada yake Yadviga, kijiji cha pili, akapumzike. Siku ya nne kijana alirudi kwa Yadviga na lori la polisi waliowatumikia Wajerumani, mwenyewe amevaa kitambaa chao mkononi. Waliichoma nyumba na watu wakiwa ndani. Tekla aliuona moshi akiwa shambani analima viazi.

Baada ya hapo hakukuwa na mtu wa kumdanganya. Wapiganaji wetu wa msituni, chini ya kamanda wao Panas, wakamfanya kuwa ungo wao wa kuwapepeta wageni. Chungu kimoja kikining'inia juu ya uzio, hakuna neno. Vikiwa viwili, njooni mumchukue mtu.

Na lazima niseme kuhusu chumvi. Mwaka wa 1943 tulikuwa tumeshasahau ladha yake. Tulikula viazi chapwa, kabichi chapwa, supu chapwa, hata ufizi ukawa unavimba. Wajerumani walilijua hilo, na aliyemuuza jirani yake walimlipa mfuko wa chumvi. Basi chumvi kwetu ikawa ushahidi. Mke wa Mitrafan aliwahi kupika kabichi ikakolea, akakaa mwezi mzima hakuna anayemwamkia, kumbe maskini alikuwa amekwangua pipa la zamani la samaki.

Rubani alitokea mwezi Mei, asubuhi ya saa nne, anachechemea, nyusi moja imeungua yote.

"Shangazi, nisaidie. Mimi ni rubani. Luteni Tikhon Rudakov. Wamenitungua pale relini."

"Na mimi ni mke wa askofu," Tekla akasema. "Ingia, baba, usije ukavunja na huo mguu wa pili mlangoni pangu."

Akamkalisha mahali ambapo mwanga wa dirisha ulimpiga usoni, na yeye akakaa gizani. Akamuuliza kwao wapi. Kostroma, akasema. Alikuwa dereva wa trekta, akajifunza kuruka kwenye klabu ya vijana, na sasa alikuwa na mwaka wa pili akirusha ndege za kushambulia treni, zile zinazopita chini hadi unaona sura ya dereva. Safari hii walimpiga kwenye mafuta. Mpiga bunduki wa nyuma alifia angani. Alilisimulia hilo kwa sauti kavu, macho yakitazama meza. Hakulia. Yule wa kwanza alilia na alikuwa mwongo. Huyu halii, na Tekla akaona hiyo nayo yaweza kuwa mbinu.

Akamwekea viazi. Rubani akauma kimoja, akatafuna polepole, akatupa jicho mezani huku na huku, kisha akainamisha kichwa.

"Unatafuta nini?"

"Hamna, shangazi. Vitamu."

"Vitamu, eti!" Tekla akajisemea moyoni: uongo wa kwanza huo.

Baadaye akamwashia moto kibanda cha kuogea, akamwambia aingie akatoe chawa. Rubani alipokuwa kwenye mvuke, Tekla alikaa kwenye kijichumba cha kuvulia na nguo zake, akazipapasa mshono hadi mshono. Kwenye bitana ya koti, upande wa moyo, vidole vikagusa kifundo cha kitambaa kilichoshonewa ndani. Akakata uzi kwa meno. Kitambaa kilikuwa kimelowa jasho na kibanda kilijaa giza na moshi, kwa hiyo hakuona kitu. Akakipeleka ulimini.

Chumvi.

Alimwona Yadviga, aliona moshi, aliona maziwa aliyoyamimina kwa mkono wake mwenyewe. Rubani alipotoka amejifunga shuka, Tekla alikuwa amekishika kifundo ngumini.

"Hii umeipata wapi?"

Rubani akaunyosha mkono kukichukua, kisha akaurudisha. Uso ukamwiva hadi masikioni. "Nilipewa. Njiani. Na mama mmoja."

"Mama gani?"

"Simkumbuki, shangazi."

Wilaya tatu hakuna mwanamke mwenye punje moja ya chumvi, na huyu alikutana na mwenye kuigawa bure njiani. Tekla alikwenda nje akaongeza chungu cha pili juu ya uzio.

Panas alifika mchana na watu wawili. Mmoja alikuwa Ihnat, mwalimu wa zamani, mtu wa kuandika kila kitu, hata idadi ya mbwa waliombwekea. Akaandika: Tekla Barsuk anathibitisha kwamba mtu huyu ni mpelelezi wa adui, amekutwa na chumvi ya malipo. Tekla, asiyejua kusoma, akachora msalaba chini yake.

"Mnakosea," rubani akasema. "Ulizeni kikosi changu."

"Tutawapigia simu," Panas akajibu, na wenzake wakacheka. Kisha akamgeukia Tekla. "Shangazi, jua halizami huyu hajamalizika."

Walipokuwa wanamfunga mikono, rubani akasema, "Shangazi, nirudishie kifundo changu tu. Tafadhali."

"Huko uendako hawapiki viazi," Tekla akamwambia.

Neno hilo lilimkaa kooni maisha yake yote.

Walipoondoka alirudi ndani. Hasira ilikuwa imeshuka na njaa imepanda, na mimi simlaumu, miaka miwili bila chumvi si mchezo. Alikibandika chungu cha supu, akakifungua kifundo pale dirishani.

Chumvi ilikuwa nyeusi.

Aliisogeza juani. Nyeusi ya kijivu, imeungua, ina chembe za mkate mweusi uliokuwa makaa. Chumvi hiyo haigawiwi na polisi yeyote. Ni chumvi ya Alhamisi Kuu, ile ambayo mama huifunga kitambaani pamoja na mkate uliolowa, akaichoma ndani ya tanuri huku akisali, akaiweka kwa ajili ya mtoto anayesafiri. Haitiwi kwenye chakula cha kila siku. Inashonewa upande wa moyo. Tekla mwenyewe aliishona kwenye koti la Vasil asubuhi aliyoondoka, na Vasil alinuna akisema wenzake watamcheka.

Hapo akaelewa mtu yule aliona haya ya nini.

Alikuwa na miaka hamsini na sita na goti bovu. Alikimbia. Aliacha supu motoni, mlango wazi, kilemba kikabaki kwenye mti wa kwanza wa msitu. Aliwakuta kwenye uwazi wa misonobari. Rubani amefunguliwa mikono na anachimba shimo. Lilikuwa limemfika magotini.

"Acheni!" Pumzi hana. "Panas, acha! Wewe, nani alikupa chumvi hii?"

Rubani akaegemea koleo. Akawatazama wenye bunduki, akamtazama Tekla, akanong'ona, "Mama."

"Mbona ulisema uongo?"

"Mimi ni afisa, shangazi. Mwanachama wa chama, na chama hakitaki dini. Nitasemaje natembea na dawa ya kanisani?"

Mmoja wa wapiganaji akaguna. Panas hakuguna. "Hata polisi wana mama zao, shangazi. Hiyo si hoja."

"Hoja hii hapa! Alikula viazi vyangu chapwa, macho yakitafuta chumvi mezani, na chumvi anayo kifuani. Mwenye chumvi ya kulipwa angeimwaga kwenye sahani. Huyu angekufa kabla hajaila!"

Panas aling'oa unyasi akautafuna. Mwishoni akasema, "Toka shimoni, rubani. Lakini nakuangalia."

Tekla aliazima sindano, akakishona kifundo mahali pake kwa mkono wake, pale pale msituni, na rubani amevaa koti. Wiki tano Tikhon alipigana pamoja nao kwa bunduki ya kuazima, hadi ndege ilipomchukua kumrudisha ng'ambo ya mstari wa vita, kwa jeshi letu. Ihnat aliandika mengi wiki hizo, lakini ile karatasi ya kwanza hakuna aliyekumbuka kuichana.

Vita vikaisha. Panas na Ihnat walikuwa wameshakufa mwaka wa 1944. Kuhusu Vasil ilikuja karatasi yenye maneno mawili tu, kwamba hajulikani alipo.

Masika ya 1946 akaja mpelelezi wa serikali kutoka mjini, kijana wa sura safi, mkoba kwapani.

"Raia Barsuk, msalaba huu ni wako?"

Tekla akauangalia. Mkono wa msalaba ulikuwa umepinda kama anavyouchora yeye. "Wangu."

Mpelelezi akamsomea. Tikhon Rudakov alikuwa amerudi vitani, akaruka hadi mwisho, akapata nishani mbili. Sasa alikuwa mahabusu tangu majira ya baridi, kwa sababu wakubwa walitaka kujua mtu anaishije wiki tano nyuma ya adui asidhurike. Na katika makaratasi ya msituni wamekuta hili.

"Kama uliyosema ni kweli, nakuaga na tunaendelea naye," mpelelezi akasema. "Kama si kweli, umemsingizia afisa wa jeshi. Hilo lina kifungo. Fikiri kwanza."

Tekla alifikiri. Akimweleza habari ya chumvi nyeusi, atamwokoa rubani kwenye ujasusi na kumtia kwenye aibu nyingine, chama kimfukuze na maswali yaanze upya. Alimtazama kijana yule machoni, kwa shaka ile ile aliyomtazamia kila mtu tangu moshi wa Yadviga, akajua mtu huyu hapewi chumvi ya mtu mwingine.

"Si kweli," akasema. "Nilimsingizia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa na buti nzuri. Nilizitaka, akaninyima."

"Na chumvi iliyoandikwa hapa?"

"Hapakuwa na chumvi. Angeitoa wapi? Andika, baba, nichore msalaba."

Walimfunga miezi kumi na moja. Yeye, ambaye hakumwamini jogoo wake, alikaa ndani kwa ajili ya mtu mwingine, bila kujua kama mtu huyo aliachiwa au alishakufa, na hakuna aliyemwambia.

Alirudi Zaluzhe kwa miguu, siku ya Alhamisi Kuu kabla ya Pasaka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la nyumba yake. Akaokota gongo, akasukuma mlango kwa bega. Mbele ya tanuri alisimama mwanamke mzee, mikono imejaa majivu.

"Wewe nani? Nani amekuruhusu?"

"Majirani," mwanamke akasema. "Mimi ni mama yake Tikhon. Walimwachia wakati wa mavuno, wakamwonyesha uliyosema. Kusafiri bado hawamruhusu. Kuruka nako walimkataza, yuko kwenye matrekta yake."

"Maneno hayo mtu yeyote anaweza kuyasema," Tekla akamjibu, na gongo bado analo.

Mama wa Tikhon hakubisha. Aligeuka, akavuta kitambaa kutoka kwenye makaa, akakipasua mezani kando ya viazi.

Tekla aliweka gongo chini. Akachota punje nyeusi kwa ncha ya kidole, akaionja kwanza, kama kawaida yake. Kisha akaketi karibu na yule mwanamke, akalia kwa sauti, akimtaja Vasil, na mgeni akamshika mkono hadi viazi vikapoa.