Mwizi wa Mayai ya Salamanda

Miaka minne Veneranda alikuwa amefanya kazi za nyumbani kwa Sleiman, huko Qurum ng'ambo ya bahari, bila kuvunja hata kikombe. Siku mayai ya salamanda yalipopungua, miaka yote hiyo haikumfaa kitu.

Salamanda ni kama mjusi aliyelowa. Hawa walikuwa weusi wenye madoa ya manjano, wa aina adimu inayoishi katika vijito vya milimani huko Uajemi. Sleiman, mstaafu asiye na shughuli, alifuga dume na jike ndani ya tangi, na maji yao yalipozwa usiku na mchana utadhani ni wagonjwa. Jike alitaga mayai kumi na moja, moja moja juu ya mawe. Kesho yake yakabaki saba.

"Nani anaingia humu ila mimi na wewe?" Sleiman aliuliza. "Na sahibu yangu Nasr nnamjua, anayataka haya mayai. Kakupa nini?"

"Baba, haki ya Mungu, hata mkono sijatia."

"Basi mpaka niujue ukweli, hakuna safari."

Safari yenyewe ilikuwa ya Bukoba, kwenye harusi ya Stefania, binti wa pekee wa Veneranda; gauni la bibi harusi alikwisha linunua, liko chumbani kwake ndani ya karatasi. Veneranda alikasirika. Akaanza naye kumshuku kila mtu: Nasr, mtunza bustani, hata paka wa jirani.

Sleiman akafunga kamera ukutani, ikitazama tangi na mlango ulio nyuma yake. Ng'ambo ya mlango huo, ukivuka ukumbi, ni chumba cha Veneranda.

Siku ya tatu alimwita huku anacheka, simu mkononi. Kwenye picha, jike alijongea jiweni, akanusa yai, akalimeza. Kisha la pili.

"Umeona? Mama mtu mwenyewe, wallahi! Haya, kafunge mizigo, yamekwisha."

Veneranda hakucheka. Nyuma ya tangi alikuwa ameona kitu.

"Baba, rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha. "Si huyo anameza?"

"Usitazame tangi. Tazama mlangoni."

Sleiman akatazama, akajiona mwenyewe. Alikuwa amesimama chumbani kwa Veneranda, mlango wazi, ameshika gauni jeupe lililotolewa kwenye karatasi yake, analipapasa pindo kwa pindo.

"Hapo, baba," Veneranda alisema, "ulikuwa unatafuta mayai kwenye gauni la mwanangu?"