Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Kwetu Nyakakika, aliyekiri kosa mbele ya wazee alileta rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanywa kibuyu kimoja na aliyemkosea, yakaisha. Ndiyo maana jirani yetu, aliyeiba mbuzi wetu, polisi walipompeleka mahakamani alikiri upesi. Baba alikuwepo, akitegemea kurudi naye nyumbani. Hakimu alimsifu kwa kusema kweli, kisha akamfunga. Sisi tulioibiwa hakuna aliyetuuliza tunataka nini, na hilo linanikera hadi leo.

Alipotoka, amekonda, baba mwenyewe alimpelekea rubisi. Jirani hakukipokea kibuyu.

“Mzee mwenzangu, kosa langu nimelimalizia gerezani,” alisema. “Wewe huna tena cha kunisamehe.”

Baba alirudi na kibuyu kimejaa. Nyumbani hakuna aliyethubutu kukinywa.