Mluzi Ulioharibiwa Morotonga

Asubuhi, umande ukiwa bado majanini, Kisyeri Wangwe anapiga magoti zizini kwake, kijijini Morotonga, na kuweka kiganja nyuma ya mguu wa mbele wa ndama dume. Anapiga mluzi mmoja mrefu. Ndama anatetemeka, anamkanyaga, anakimbilia ua wa miiba.

"Moyo wake unapiga kama ngoma," anasema kwa hasira. "Mwezi uliopita mluzi huu huu ulikuwa unamtuliza."

Kisyeri hufundisha ndama wa watu kazi ya kuvuta plau, tangu wangali wadogo. Kila apigapo mluzi, ndama hulamba chumvi mkononi mwake. Akishaanza kuelewa, husimama masikio mbele, na moyo hupunguza mwendo. Moyo ukienda mbio, anasema, kichwani haingii kitu.

Athanas, bwana mifugo aliyekuja kuchanja, anaeleza kuwa mishipa ya fahamu hutoka ubongoni hadi moyoni. Mmoja huuzuia moyo kama kamba, mwingine huusukuma kama fimbo. Kwa mnyama mchanga ile kamba bado inakomaa, na hofu huishinda upesi.

Ndama ni wa jirani, Mseti. Juzi Mseti alitaka kumkata masikio, alama ya ukoo, akaona uvivu kumkimbiza. Basi akauiga mluzi wa Kisyeri. Ndama akaja mwenyewe, mate yakimdondoka kwa kutazamia chumvi, akakutana na kisu.

Kisyeri alipolalamika, Mseti alimcheka mbele za watu.

"Mura, kijana wangu, huyo ni ndama, si mwanafunzi wa misheni. Asipovuta, anakwenda kwa mchinjaji."

Walikuwa wamepatana kwamba ndama akijua kazi, ataanza na shamba la Kisyeri. Leo shamba hilo linalimwa kwa jembe la mkono na mkewe, Ghati, mtoto mgongoni. Mtoto akilia, Ghati huketi kwenye tuta, hunyonyesha, kisha huinama tena.

"Ng'ombe wote hukatwa masikio," anasema Kisyeri. "Mimi nimekasirika kwa sababu alimwita kwa sauti yangu."

Mluzi ameuacha. Ameazima kibuyu cha Ghati, anakigonga polepole kwa ukucha, chumvi kiganjani. Mseti amekubali, kwa kununa, kungoja hadi mvua za mwakani, 1958, kabla ya kumpeleka kwa mchinjaji.

Ndama anasimama mbali. Sikio lenye kidonda linageuka mbele. Anasogea, analamba. Kisyeri anaweka kiganja pale pale nyuma ya mguu wa mbele, anahesabu mapigo, kisha uso wake unalegea.

"Moyo wake unatulia," anamwambia mkewe, aliyerudi kutoka shambani. "Mwakani hutashika jembe, utashika mtoto tu."