Seva ya Agatha na barua zisizofika Arusha

Saa kumi alfajiri, kitu kinalia sebuleni kwa Agatha Tluway. Ti. Kimya. Ti. Ni kisanduku cha betri kilicho chini ya meza, kinachosema umeme wa kijiji cha Nambis, wilayani Mbulu, umekatika tena.

Agatha, mwenye umri wa miaka 47, anajifunga shuka, anawasha tochi ya simu na kupiga magoti mbele ya kompyuta ndogo nyeusi. Hiyo ndiyo seva, mashine inayopokea na kutuma barua pepe za kikundi cha wakulima wa vitunguu saumu. Betri itaishikilia kwa dakika arobaini.

Anatazama barua zinazosubiri kutoka. Ziko kumi na saba. Ya kwanza, yenye bei na makadirio ya mavuno, ilipaswa kumfikia mnunuzi wa Arusha siku sita zilizopita.

"Imekataliwa tena," anasema taratibu, ili asimwamshe mama mkwe wake.

Mnunuzi huyo hupokea taarifa kwa barua pepe tu, kutoka anwani iliyosajiliwa ya kikundi. Kubadilisha anwani ni kuanza usajili upya, na mavuno yamebakiza wiki tatu. Mwaka jana barua zilikwama, vitunguu vikachipua ghalani. Wanachama walikuwa 41. Leo wamebaki 26, wengine wamerudi kwa madalali.

Agatha ni katibu wa kikundi. Hulipwa shilingi 80,000 kwa mwezi, msimu ukiwa mzuri. Kompyuta alifundishwa na Mwalimu Mwita, aliyekuwa akifundisha sekondari ya jirani. Kulipia kila sanduku la barua pepe kila mwezi kuliwashinda wakulima, hivyo mwalimu akaunganisha programu tano kwenye mashine iliyotumika, bila kudai chochote. Kisha akahamishiwa Tabora.

Kwa miezi minane mashine ilikuwa ikiomba masasisho, yaani matoleo mapya ya programu zake. Agatha aliona. Hakugusa.

"Ilikuwa kazi ya mkubwa wangu," anamwambia mwandishi wa makala haya, aliyelala kwake. "Kwetu huwezi kufungua zizi la mtu ambaye hayupo ukahamisha ng'ombe wake. Nilisubiri aje likizo nimwombe ruhusa."

Kabla ya likizo hiyo, mwaka jana, wezi wa mtandaoni waliingia kupitia programu moja iliyozeeka, wakatuma maelfu ya barua taka kwa jina la kikundi. Tangu hapo kampuni kubwa za barua pepe zinakataa chochote kinachotoka kwenye mashine hiyo.

Alipompigia mwalimu simu, alimwamkia shikamoo, akaanza kulia.

"Kwa nini hukuigusa, mdogo wangu?" mwalimu aliuliza.

"Ni kazi yako, Mwalimu. Mimi ni nani?"

"Ilikuwa yako tangu siku nilipopanda basi. Kosa ni langu, sikukuambia."

Agatha anayarudia maneno hayo mara mbili. "Alijitwisha kosa langu," anasema.

Mwalimu hakumchagulia programu ya kuchukua nafasi ya zile tano. Alimwambia achague ile atakayoweza kuiinua mwenyewe ikianguka.

Kwa wiki mbili Agatha alijaribu tatu kwenye kompyuta ya kuazima. Ya kwanza ilikuwa nzuri machoni, ina kalenda na mengine ambayo wakulima hawakuyaomba, lakini kompyuta ilielemewa. Ya pili ilikuwa na vipande vingi kama ile ya zamani. Ya tatu ni programu moja inayofanya kazi zote, na mipangilio yake imekaa kwenye faili moja.

Kila moja aliichomolea waya makusudi, akafuta kila kitu, kisha akajaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala aliyoihifadhi bila kumpigia mtu simu. Ya tatu ilirudi kwa hatua tisa, zinazoenea ukurasa mmoja wa daftari.

"Haina urembo," anasema. "Lakini naielewa hata nikiwa na usingizi."

Juzi aliiweka kwenye seva. Barua zinaingia vizuri. Kutoka, hazitoki. Programu mpya haikufuta jina baya. Ameomba mara nne kikundi kiondolewe kwenye orodha ya watumaji wa barua taka. Majibu mawili yamekuja, yote yameandikwa na kompyuta, si mtu.

"Nawaambia wanachama nimepata programu nzuri. Wananiangalia tu. Nzuri ya nini?"

Kunakucha. Jirani yake, Kornelia, anaingia na chupa ya chai. Wiki nzima amebeba mahindi ya Agatha kwenda kusaga pamoja na ya kwake, bila kuombwa.

"Bado unamlinda huyo ng'ombe?" anamtania. "Hana maziwa, hana hata samadi!"

"Ana kwato, Kornelia. Ameshanipiga teke."

Wanacheka, kisha Agatha anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Jumamosi kikundi kinakutana. Mwenyekiti, mzee Akonaay, atapendekeza mashine izimwe na kikundi kivunjwe. Alitembea kwa miguu hadi hapa kumwambia, ili asije akalisikia jambo hilo kwanza mbele za watu.

"Mwanangu, hakuna anayekuchukia," alimwambia. "Watu wamechoka."

Agatha ataomba msimu mmoja tu. Seva iendelee kupokea barua, na zinazotoka zipitie kampuni ya kutuma barua pepe inayoaminika, ambayo ada yake atailipa kutoka mshahara wake. Kampuni hiyo hukagua jina la mtumaji kwa siku kumi kabla ya kukubali. Inaweza pia kukataa.

"Hata mimi siamini sana," anasema. "Ila nitasimama niseme."

Anamsindikiza mwandishi hadi kwenye bodaboda ya kwenda Mbulu mjini, na haachii mkono wake haraka.

"Uje tena mwezi wa nane," anasema. "Hata kama imezimwa. Uje tu, tukae."